Kundi la kanisa kutoka Lubumbashi kwenda kuimba Ubelgiji: mwongozo kamili

Mwaliko wa Ulaya ukisomwa kanisani Jumapili, kufikia Jumatano kwaya imeshapata waimbaji wapya. Kijana aliyeacha mazoezi tangu Pasaka anarudi na besi yake, mama mmoja anaeleza kwamba mwanawe anapiga ngoma tangu utotoni, na papa mmoja mwenye gari zuri anajitolea kuwa "mshauri wa msafara". Kiongozi yeyote wa kundi la muziki hapa Lubumbashi, awe wa komini (manispaa) ya Kenya au Katuba, au wa kartye (mtaa) Golf, anaijua hali hiyo. Ndiyo maana mwongozo huu unaanza na orodha ya majina kabla ya kugusa viza, tiketi au gita. Safari nyingi za makundi ya kanisa huvunjikia hapo, ingawa habari inayosambaa baadaye ni kwamba "Wazungu wamekataa".

Nimechukua Ubelgiji kuwa mfano kwa sababu ndugu zetu ni wengi kule, Kifaransa kinasaidia, na Liège ni mji dada wa Lubumbashi. Mkialikwa Ufaransa au Ujerumani, sheria za viza fupi ni zilezile za Schengen, yaani nchi za Ulaya zinazotumia viza moja. Kinachobadilika ni karatasi za mwenyeji.

Hatua ya kwanza: orodha

Afisa wa viza akifungua dosie (faili la maombi) ya kundi la muziki kutoka Kongo, anaifungua akiwa na mashaka tayari, na sababu tunazijua. Mwanamuziki Papa Wemba alikamatwa Ufaransa mwaka 2003, na mwaka 2004 mahakama ikamtia hatiani kwa kusaidia watu kuingia Ulaya kinyume cha sheria kwa jina la wanamuziki wake. Watu wa namna hiyo mtaani wanaitwa ngulu: mtu analipa, anavishwa sare, anapangwa mstari wa nyuma, na ndege ikitua haonekani tena. Mchezo huo haukubaki kwa wanamuziki wa nyimbo za kidunia peke yao. Kwaya inayoimba zaburi inakuta mlango uleule umebanwa.

Kwa hiyo orodha yenu lazima iweze kusimama mbele ya mtu asiyewaamini. Njia rahisi kuliko zote ni daftari la mahudhurio. Kama katibu wa kwaya anaandika kila zoezi nani alikuja na nani hakuja, mnaweza kuweka kanuni moja isiyobishaniwa: asiyeonekana kwenye daftari kwa mwaka mzima haendi, hata akiwa mtoto wa mzee wa kanisa. Kama hamna daftari, lianzeni leo na msogeze safari mbele. Nasema hivyo nikijua kwamba halitawafurahisha watu.

Idadi iwe ndogo. Watu 12 hadi 15 wanatosha sauti nne, gita la solo, besi, kinanda na mpiga ngoma, kama baadhi ya wapigaji wanaimba pia. Kwaya ya watu 40 ni nzuri kwenye kongamano la hapa nyumbani. Kule hakuna familia za kuwalaza wala basi la kuwabeba, na kila jina la ziada linaipunguzia dosie nguvu.

Kila mmoja awe na kitu kinachomrudisha, tena kinachoonekana kwenye karatasi. Hapa makundi mengi huwaonea maskini bila sababu, yakidhani ni mfanyakazi wa kampuni ya madini tu anayeaminika. Mama anayeuza vitenge soko la Kenya ana patente (leseni ya biashara ndogo), ana risiti za kodi ya meza, ana watoto shuleni na bulletin (ripoti za shule) zao. Mwanafunzi wa UNILU, chuo kikuu cha hapa, ana kitambulisho na barua ya kitivo inayosema mwaka wa masomo unaanza lini. Fundi ana mkataba wa nyumba. Kinachodhoofisha dosie ni kijana asiye na karatasi yoyote, hata kama ndiye mwimbaji bora wa sauti ya tenor jimboni. Mpeni miezi ya kutafuta karatasi hizo, ila msimtengenezee za uongo. Barua ya kazi ya kughushi ikigunduliwa, inawaangusha wote waliokuwa naye kwenye orodha.

Na hakuna anayenunua nafasi. Andikeni hilo kwenye ripoti ya kikao, kamati yote isaini, mchungaji aweke muhuri. Teueni pia wawili wa akiba, kisha mfunge orodha kwa tarehe iliyotangazwa. Baada ya tarehe hiyo hata askofu akipiga simu, jibu ni kwamba orodha imefungwa. (Atapiga.)

Hatua ya pili: mwenyeji anayeweza kuchunguzwa

Mwaliko wa kweli unatoka kwa shirika lenye jina, anwani na usajili. Ubelgiji makanisa mengi ya ndugu zetu yamesajiliwa kama asbl, yaani shirika lisilo la faida, lenye namba ya usajili ambayo ofisi ya viza inaweza kuitafuta kwa dakika mbili. Ombeni namba hiyo na nakala ya sheria za shirika kabla ya kutangaza chochote kanisani. Mwenyeji akianza kuzungukazunguka kwa swali dogo kama hilo, kuna tatizo.

Barua ya mwaliko iseme mambo haya bila mapambo: majina kamili kama yalivyo kwenye pasipoti na namba zake, tarehe ya kufika na ya kuondoka, ratiba ya kila ibada na kila tamasha pamoja na anwani ya mahali, nani analipa tiketi, nani analaza watu na wapi, na kwamba waimbaji hawalipwi mshahara. Hilo la mwisho lina uzito. Viza fupi si ruhusa ya kufanya kazi. Ibada na tamasha la bure ni jambo moja. Ukumbi unaouza tiketi na kuwagawia wanamuziki fedha ni jambo jingine, na mwenyeji anapaswa kuuliza sheria za kazi za kwao mapema, siyo wiki ya tamasha.

Kama dhamana ya matumizi inatolewa na mtu binafsi, Ubelgiji kuna fomu yake, ile ambayo kila mtu hapa anaiita prise en charge. Mdhamini anaisaini na kuithibitisha kwenye komini yake, na lazima aonyeshe kipato. Mtu mmoja mwenye mshahara wa kawaida hawezi kudhamini watu kumi. Gaweni waimbaji kwa familia kadhaa.

Upande wetu nako kuna barua. Kama kanisa lenu ni la jumuiya iliyo ndani ya ECC (muungano wa makanisa ya Kiprotestanti Kongo), tafuteni barua ya mwakilishi wa kisheria wa jumuiya, kwa mfano Méthodiste-Unie au ile ya Kipentekoste, CPCO. Wakatoliki waende arkidayosisi. Barua ya mchungaji wa parokia peke yake ina nguvu kidogo.

Hatua ya tatu: tarehe

Wengi huchagua Julai na Agosti kwa sababu shule za hapa zimefungwa. Lakini miezi hiyo ndiyo Wabelgiji wanakwenda likizo, na parokia yao inabaki na wazee wachache viti vya mbele. Makanisa ya Wakongomani hujaa zaidi kipindi hicho kwa sababu ya makongamano, kwa hiyo amueni: mnakwenda kuwaimbia nani? Kama ni ndugu zetu, Agosti ni sawa. Kama mnataka pia kuingia makanisa ya wenyeji, Mei na Juni karibu na Pentekoste, au mwisho wa Septemba, ni bora. Wiki mbili zinatosha. Ya tatu huanza kuchosha wenyeji, na waajiri wa hapa nao huanza kuuliza.

Ombi la viza ya Schengen halipokelewi zaidi ya miezi 6 kabla ya safari, wala chini ya siku 15. Uamuzi kwa kawaida hutolewa ndani ya siku 15, lakini sheria inaruhusu hadi 45. Wekeni ombi miezi mitatu au minne kabla. Ukihesabu kurudi nyuma, pasipoti, mwaliko na karatasi za kazi viwe tayari miezi mitano kabla ya safari, na orodha ifungwe karibu mwaka mzima kabla.

Hatua ya nne: pasipoti na dosie

Pasipoti iwe imetolewa ndani ya miaka 10 iliyopita, ibaki hai angalau miezi 3 baada ya tarehe ya kutoka Schengen, na iwe na kurasa 2 tupu. Wasio na pasipoti waanze mara moja. Kosa la herufi moja kati ya cheti cha kuzaliwa na kadi ya mpiga kura linaweza kuwazungusha wiki nyingi. Jina Ilunga lenye "Wa" kwenye karatasi moja na bila "Wa" kwenye nyingine ni maradhi ya Katanga nzima. Lisahihisheni kabla ya kupiga picha ya pasipoti.

Halafu dosie ya kila mtu. Hata mkisafiri kama kundi, kila mwimbaji anahukumiwa peke yake:

- fomu iliyojazwa na kusainiwa, picha, pasipoti na nakala za kurasa zilizotumika;
- barua ya mwaliko, ratiba, na dhamana ya matumizi au barua ya makazi;
- nafasi ya ndege ya kwenda na kurudi, bado haijalipwa ikiwezekana;
- bima ya safari inayofunika matibabu ya dharura na kurudishwa nyumbani, isiyopungua euro 30,000, kwa siku zote za safari;
- karatasi za kazi, biashara au masomo, za familia, na za fedha za miezi ya karibuni;
- barua ya jumuiya, ripoti ya kikao kilichochagua majina, na nakala za kurasa za daftari la mahudhurio;
- kwa mtoto, ruhusa ya wazazi wote wawili iliyothibitishwa, nayo itaombwa tena na DGM (idara ya uhamiaji) uwanja wa ndege.

Nakala za daftari hazimo kwenye orodha rasmi ya ubalozi. Ziwekeni. Pamoja nazo, wekeni picha za kundi za miaka iliyopita zenye tarehe, tangazo la tamasha lililofanyika hapa mjini, na ukurasa mmoja unaoeleza historia ya kundi. Afisa anayeona uso uleule kwenye picha za miaka mitatu tofauti ana kitu cha kushika.

Ada ya viza kwa mtu mzima ni euro 90 tangu Juni 2024, nusu yake kwa mtoto wa miaka 6 hadi 11, na bure kwa walio chini ya miaka 6. Kuna msamaha ambao makundi mengi hayauombi: vijana wasiozidi miaka 25 wanaowakilisha shirika lisilo la faida kwenye tukio la utamaduni, elimu au michezo lililoandaliwa na shirika lisilo la faida hawalipi ada. Kwaya ya watu 15 ingelipa euro 1,350. Ikiwa sita kati yao wana miaka 25 au chini, inabaki 810. Mwaliko utaje wazi kwamba tukio ni la utamaduni na mwandaaji ni asbl, na barua ya jumuiya itaje kwamba vijana hao wanaliwakilisha kanisa. Gharama za huduma za kituo kinachopokea dosie ni kitu kingine, zinaweza kubaki palepale.

Hatua ya tano: fedha

Anayeomba viza kwa mara ya kwanza lazima afike mwenyewe, kwa sababu alama za vidole zinachukuliwa. Zinahifadhiwa kwa miezi 59, na watoto chini ya miaka 12 hawachukuliwi. Ulizeni ubalozi wa Ubelgiji ni wapi wakaaji wa jimbo letu la Haut-Katanga wanaweka dosie kwa wakati wenu. Kama ni Kinshasa, bajeti inabadilika kabisa: hakuna barabara ya kuaminika ya kutufikisha huko, kwa hiyo ni ndege ya watu 15 kwenda na kurudi, kulala, kula, na pengine kusubiri. Makundi mengi yanachangisha tiketi ya Ulaya na kusahau tiketi ya Kinshasa.

Fedha hizo zikusanywe kwa mafungu. Likelemba (mchango wa zamu) ya kwaya inafaa kwa pasipoti na bima, kwa sababu ni kiasi kidogo kinachojirudia. Tamasha la kuchangia lifanyike mapema, wakati watu bado wana hamu, na mapato yatangazwe Jumapili inayofuata kwa tarakimu kamili. Tiketi kubwa msizilipe kabla ya viza, hata wakala akiwaambia bei inapanda kesho. Mashirika mengi ya ndege yanahesabu watu 10 na zaidi kuwa kundi na yanaweza kuzuia nafasi kwa amana. Hilo ndilo la kuomba. Ada ya viza hairudishwi ukikataliwa, na hapo pia ndipo orodha fupi inawalinda.

Mweka hazina awe mama asiyesafiri. Ni maoni yangu, lakini nayatetea.

Hatua ya sita: dirishani

Mwimbaji ataulizwa maswali mepesi, na wepesi huo ndio mtego. Unaimba sauti gani? Nani anaongoza mazoezi, siku zipi? Mtaimba wapi Jumapili ya kwanza? Mwaliko umetoka mji gani? Anayehudhuria mazoezi hajibu kwa kukariri: atasema alto, Jumanne na Alhamisi, na pengine ataongeza kwamba Alhamisi umeme wa SNEL ukikatika wanaimba bila kinanda. Aliyenunua nafasi atasema "mimi ninaimba zote".

Msiwafundishe majibu. Wapeni ratiba waisome, wajue nani analipa nini, na wajue tarehe ya kurudi. Mtu akiulizwa kama ana ndugu Ubelgiji na anaye, aseme anaye. Kuficha shangazi anayeishi Anderlecht ni kosa kubwa kuliko kuwa na shangazi anayeishi Anderlecht.

Akikataliwa mmoja, barua inataja sababu na njia ya kukata rufaa. Isomeni kwa utulivu. Kama waliokataliwa ni wale waliobeba sauti nzima, ahirisheni. Kundi lililobaki na soprano wawili na meneja watatu halina cha kufanya kule.

Hatua ya saba: vyombo

Bebeni kidogo. Seti ya ngoma, spika na mikisa viwe vya mwenyeji. Mtumieni karatasi ya ufundi miezi miwili kabla, yenye idadi ya mikrofoni, nafasi ya kila mtu jukwaani, na aina ya kinanda. Mnachobeba ni kile ambacho mkono wa mpigaji umekizoea: gita la solo, besi, pedali, vijiti, na kile chombo cha nyumbani ambacho hakipatikani kule.

Kabla ya kuondoka, nendeni DGDA (idara ya forodha) na orodha ya vyombo, chapa, namba za ndani na picha, mkaombe karatasi ya kutoka kwa muda. Msipofanya hivyo, gita mlilotoka nalo linaweza kutozwa ushuru siku ya kurudi kana kwamba mmelinunua Bruxelles. Afisa wa uwanja hana njia ya kujua, na ninyi hamna cha kumwonyesha.

Ngoma za asili zinahitaji uangalifu zaidi. Mti wa mukula, ambao Katanga tunaujua kwa malori yake kuliko kwa ngoma zake, umo tangu 2019 kwenye orodha ya CITES, mkataba wa dunia unaodhibiti biashara ya mimea na wanyama walio hatarini, na miti mingine ya jamii yake barani Afrika ikafuata. Sheria hiyo inalenga hasa magogo na mbao, lakini hamtaki kuifafanua kwa afisa wa forodha saa kumi na moja alfajiri. Chukueni ngoma ya mti wa kawaida, yenye maelezo ya fundi aliyeichonga. Ngozi nayo isiwe ya mnyama wa porini, isiwe mbichi, isiwe na manyoya. Ngozi ya chui au chatu, hata kipande cha pambo, msiikaribie. Mpiga ngoma akikubali kuweka ngozi ya plastiki kwa safari hii, mmepumzika.

Gita likipanda ndege, legeza nyuzi kidogo, jaza nguo laini chini ya shingo yake ndani ya kesi ngumu, na funga vifungo vyote vinavyocheza. Ulizeni shirika la ndege kwa maandishi kama linaruhusiwa juu. Betri za lithiamu za akiba na pawabanki zinakwenda kwenye mkoba wa mkononi tu, kamwe si kwenye mzigo wa chini. Kikomo cha kawaida ni wati-saa 100.

Umeme wa Ubelgiji ni volti 230 na hezi 50, kwa hiyo vifaa vyetu vinafanya kazi, ila bebeni adapta zinazoingia kwenye soketi za kule, zenye pini ya ardhi (aina E). Mikrofoni zenu zisizo na waya ziacheni. Ulaya masafa ya 694 hadi 790 megahezi yamepewa simu, na mikrofoni nyingi za bei rahisi zinazouzwa mjini hapa zinaangukia humo.

Hatua ya nane: nyimbo

Mwaka 1958 kwaya ya Kamina, Les Troubadours du Roi Baudouin, chini ya padri Guido Haazen, ilizunguka Ulaya na kuimba kwenye Maonyesho ya Dunia ya Bruxelles. Walikuwa wavulana na walimu wao, wakiimba nyimbo za Kiluba na misa ya Kilatini iliyojengwa juu ya mapigo ya nyumbani. Watu kule waliwasikiliza kwa sababu hawakuwa wamewahi kusikia kitu hicho. Leo makundi yetu yanapanda ndege yakiwa na nyimbo za ibada za Kiingereza zilizonakiliwa pedali kwa pedali. Mbelgiji anazo hizo.

Andaeni nyimbo 20, siyo 60. Theluthi mbili ziwe za nyumbani: Kiswahili, Kiluba, Kibemba, Kisanga, na Lingala kwa ajili ya makanisa ya ndugu zetu. Mbili tatu ziwe za Kifaransa ambazo waumini wa kule wanaweza kuitikia. Mkienda upande wa Flandre, jifunzeni kiitikio kimoja cha Kiholanzi na mkitamke sawasawa; Kifaransa huko si lugha ya heshima mnavyodhani.

Pangeni matoleo mawili ya kila wimbo. Hapa sebene ya sifa, ile sehemu ya gita na kucheza, inaweza kwenda dakika 20 na hakuna anayeangalia saa. Misa ya parokia ya kule inamalizika kwa saa moja hivi, na mmepewa nyimbo nne. Fanyeni mazoezi na saa ya ukutani, wimbo wa dakika nne unaokatika pamoja bila kiongozi kupunga mikono. Fanyeni pia bila umeme, jambo ambalo SNEL inatusaidia nalo bila kuombwa: makanisa ya mawe yana mwangwi mrefu, na ngoma iliyopigwa kwa nguvu inameza maneno yote.

Bruxelles na Flandre zina mipaka ya sauti kwa muziki wa spika, ngazi za desibeli 85, 95 na 100 kulingana na mahali. Mpiga besi aambiwe mapema. Nyimbo zilizotungwa na wengine, andikeni majina ya watunzi. Kwa tamasha la hadhara mwenyeji anashughulika na Sabam, shirika la haki za watunzi la Ubelgiji, na ataombwa orodha hiyo. Watunzi wenu nao wajiandikishe SOCODA, shirika kama hilo la Kongo, kabla ya kuondoka.

Hatua ya tisa: Luano, Addis, Bruxelles

Ethiopian inaunganisha Lubumbashi na Bruxelles kupitia Addis Ababa. Fikeni Luano, uwanja wetu wa ndege, masaa manne kabla ya ndege kuondoka. Hakikisheni kama go-pass, yaani ada ya uwanja wa ndege, imo ndani ya tiketi au inalipwa pale. Kwa muda mrefu imekuwa dola 50 kwa safari ya nje. Kadi ya njano ya homa ya manjano kila mtu awe nayo mkononi, kwa sababu mtaihitaji pia kurudi. Chanjo hiyo ni ya maisha tangu 2016, hata kama kadi ya zamani inasema miaka 10.

Kila mmoja abebe nakala yake ya mwaliko, bima na tiketi ya kurudi. Pasipoti zote zikikaa kwenye mfuko wa kiongozi, na kiongozi akazuiliwa dirisha la nne, wengine 14 wamesimama kama mizigo. Tangu Oktoba 2025 mipaka ya Schengen imeanza kusajili kwa mashine kuingia na kutoka kwa kila msafiri, pamoja na picha ya uso wake. Siku mliyotoka inaandikwa, na siku ambayo hamkutoka vilevile.

Nyama kavu na maziwa haviruhusiwi kuingia. Jibini la Goma mlilopewa mumpelekee shangazi mlile hapa. Fedha taslimu zikifika euro 10,000 kwa mtu mmoja, zinatangazwa.

Hatua ya kumi: mkiwa kule

Mtalala kwenye nyumba za watu. Ibada ya alfajiri ya sauti kuu, ile ya saa kumi na moja, itamletea mama mwenyeji polisi wa kartye. Usiku baada ya saa nne nako ni kimya. Anayetaka kuomba kwa sauti aende na wenzake kanisani kwa makubaliano. Kuhubiri na kuimba uwanjani kunahitaji ruhusa ya komini, siyo ujasiri.

Mtu akipata homa, apelekwe hospitali mapema na aseme neno malaria kabla hajaulizwa, na kwamba ametoka Lubumbashi. Daktari wa kule anaweza kufikiria mafua kwa siku mbili nzima. Namba ya dharura ni 112.

Sadaka: kubalianeni na mwenyeji kwa maandishi kabla ya ibada ya kwanza kikapu kinakwenda wapi. Njia safi ni mwenyeji kupokea, kukata gharama alizotaja kwenye mwaliko, na kutuma kinachobaki kwa akaunti ya kanisa Lubumbashi. Zawadi ndogo za mkononi, mwimbaji abaki nazo. Kamati ikianza kuzikusanya, ugomvi utasikika hadi Ruashi, huku nyumbani. Kuuza flashi zenye nyimbo mlangoni ni biashara, basi muulizeni mwenyeji kwanza.

Kuna usiku, kwa kawaida wiki ya pili, ambapo ndugu fulani atamwambia mwimbaji, "Wewe baki tu, karatasi tutaona mbele." Ongeeni juu ya usiku huo mkiwa bado Lubumbashi, kwenye kikao chenye wazazi na wake na waume, kwa majina. Wekeni wawiliwawili, mkubwa na mdogo, na hesabu ya watu kila jioni. Pasipoti msiwanyang'anye watu, ni kinyume cha haki zao. Akibaki mmoja, kiongozi amjulishe mwenyeji siku hiyohiyo kwa maandishi, na mwenyeji ataamua na mwanasheria wake.

Hatua ya kumi na moja: kurudi

Luano onyesheni karatasi ya DGDA na vyombo vyote. Ofisi ya viza ikiwa imewaagiza kujitokeza baada ya kurudi, nendeni wiki ileile, wote, na pasipoti zenye mihuri. Hata kama hamkuagizwa, pelekeni barua fupi yenye orodha ya waliosafiri na tarehe waliyorudi. Ripoti ya fedha isomwe kanisani ndani ya mwezi mmoja.

Kisha katibu apige nakala za kila viza na kila muhuri na kuziweka pamoja na daftari la mahudhurio. Sheria ya Schengen inasema aliyepata na kutumia vizuri viza tatu ndani ya miaka miwili anaweza kupewa viza ya mwaka mmoja ya kuingia mara nyingi. Mpiga solo wenu akiwa na nakala hizo, ombi la tatu litakuwa na kurasa chache kuliko la kwanza.